Kaneta ya Mhandisi

Harufu ya wino mbichi bado hunikimbiza. Juzi hapa ofisini mwenzangu alimwaga kichupa cha wino wa mhuri, nikajikuta nimesimama nje barazani, nami ni mtu mzima. Acheni niwaeleze ilivyokuwa.

Nilikuwa na miaka tisa, tukiishi Palma, mimi na mama peke yetu. Wageni wa kazi za gesi kule Afungi walikuwa wameanza kupanga nyumba mjini, na mama alikuwa akimfulia mhandisi mmoja Mreno. Kazi yangu ilikuwa kukagua mifuko kabla nguo hazijalowekwa. Nilizoea kukuta risiti na vijiti vya meno. Asubuhi ile, mfukoni mwa shati jeupe, nilikuta kaneta. Ndivyo tulivyoiita kalamu, kwa Kireno cha shuleni.

Haikuwa kama kaneta zetu. Ilikuwa nene, nzito, ya kujazwa wino, na mwili mzima umezungushiwa picha mfano wa matangazo ya zamani yaliyobandikwa kutani: mwanamke mwenye kofia nyekundu, kikombe cha kahawa mkononi, mvuke ukipanda hadi kwenye kifuniko. Nilitaka kumtazama yule mwanamke mpaka jioni tu, kisha nimrudishe. Wallahi sikutaka zaidi. Nikaisokomeza ndani ya godoro la sufi, penye mshono uliofumuka, vidole vikabaki vinanuka wino.

Alasiri, nguo zingali kambani, mhandisi akaja mwenyewe na mlinzi wake, Fakihi, mtu wa mtaani kwetu.

“Mama Zuhura,” Fakihi akasema, macho chini, “bosi anasema kaneta yake ilikuwa shatini. Si ya kuandikia hivi hivi, ni ya kuweka. Zilitengenezwa chache, hapati nyingine. Isipoonekana, anakwenda polisi.”

“Sijaiona, kaka yangu.”

Mhandisi akasema jambo kwa Kireno, uso umemwiva. Fakihi hakulitafsiri, lakini neno moja nililijua: mwizi.

Mama akamwita mjomba Abasi, kaka yake, aliyekaa nyumba ya pili. “Niletee msahafu. Nitaapa kwamba kaneta haimo nyumbani mwangu.” Akaenda kutawadha.

Kwetu mtu haapi kwa msahafu kwa mzaha. Kwenye chuo cha Kurani tulikuwa tumesimuliwa habari za mwanamke aliyeapa uongo, tumbo likamvimba, akafa kabla ya wiki kwisha. Nilimtazama mama akinawa, maji yakimchuruzika viwikoni, na nilivyomtazama ndivyo nilivyoliona tumbo lake likipanda chini ya kanga. Nikabana mapaja, nikahesabu hatua za mjomba akivuka ua. Akafunua kitambaa cha kijani kilichofunika msahafu. Mama akanyoosha mkono wa kulia.

“Naapa kwa…”

“Imo kwenye godoro!”

Nilijisikia nikipiga kelele, na papo hapo mkojo ukanitiririka miguuni, mbele ya wote.

Ilipotolewa godoroni, mhandisi akaigeuzageuza kaneta, akampapasa yule mwanamke kwa kidole kuona kama amekwaruzika, akaondoka. Polisi hakuitwa. Ila wiki iliyofuata kapu la nguo halikuletwa, wala halikuletwa tena, na mama akaanza kuuza vitumbua. Hakunipiga. Alinichotea maji tu, akaniambia, “Nenda kaoge.” Usiku huo nililala nimeshika kanga yake, nikisikiliza kama anapumua.

Miaka yote nilikuwa nikiamini kwamba mama alinyoosha mkono kwa kutojua. Mwaka jana alikuja kunitembelea, na tukiwa tunachambua mchele nikamwomba radhi. Akacheka kidogo.

“Nilijua una jambo toka mchana, ulipokataa samaki wa nazi. Wewe, umkatae samaki wa nazi! Walipotaja kaneta, nikajua unayo, ila sikujua umeificha wapi.”

“Sasa kiapo kile chote cha nini?”

“Nilitaka useme mwenyewe.”

“Na kama nisingesema?”

Akatoa jiwe kwenye mchele, akalitupa uani.

“Ningeapa,” akasema. “Ningekuacha wakuite mwizi, mwanangu?”

Mama yangu haachi sala hata akiwa na homa. Jina la Mungu halitaji ovyo. Siku ile nilidhani mwenye hofu pale uani ni mimi peke yangu. Nikainama, nikaendelea kuchambua naye.