Siku Niliyomkwepa Mkwe Kwenye Maporomoko

Kuna siku moja, mjukuu wangu, ambayo hata nikiwa nimekaa kibarazani hapa Igoma hunirudia yenyewe. Nilikuwa kijana ambaye hajamaliza mwaka kazini, mwongoza wageni katika hifadhi ya taifa upande wa pili wa ziwa. Nilikuwa na elimu ya darasa la saba na aibu nyingi. Mtu akiniuliza swali mbele za watu, jibu lilikuwa linanijia kesho yake.

Kazi yenyewe haikuwa ngumu. Kutoka getini mpaka mahali pa kutazamia maporomoko ni nusu saa kwa mtu asiye na haraka. Unapita msituni, unapanda ngazi za mawe, halafu unafika kwenye jiwe moja pana ambalo manyunyu ya maji hayaliachi likauke. Lina ukoga wa kijani mwaka mzima. Chini yake kuna mteremko wa matope na mizizi, na chini zaidi ni korongo. Ukishalivuka, hatua kumi tu, uko kwenye uzio wa miti na maji yote yanaanguka mbele yako. Mkubwa wetu wa kazi, Bwana Kamugisha, Mhaya mpole wa umri wa baba yangu, alitufundisha jambo moja kwa mkazo: pale kwenye jiwe, mwongozaji anasimama upande wa korongo, anakanyaga kwenye ufa, na anampa kila mgeni mkono. Mmoja mmoja, hata kama mgeni ni mwanajeshi.

Mwaka ule nilikuwa nimeposa. Binti aliitwa Kabula, wa Kisesa, na posa ilikuwa imepokelewa. Wewe umekulia mjini, kwa hiyo acha nikueleze. Kwetu Wasukuma, wakati ule, posa ikishapokelewa mama wa binti ni mtu wa kukaa naye mbali. Mkikutana njiani, wewe unaingia porini, yeye anajifunika khanga na kugeuka pembeni. Kumshika mkono ni jambo la kuitisha kikao cha wazee. Haikuwa chuki. Ndiyo ilikuwa heshima yenyewe.

Sasa asubuhi moja likafika basi la akina mama wa kanisa kutoka Kisesa. Walikuwa wamesafiri tangu jana yake, wakavuka kwa kivuko pale Busisi, maana daraja hili la sasa halikuwepo. Wakagawanywa makundi mawili. Langu lilikuwa na akina mama kumi na wawili. Nilikuwa nawahesabu, na nilipofika wa mwisho akajifunika khanga na kugeukia ukutani. Alikuwa Mama Kabula.

Hapo ndipo nilipokosea, mwanangu, si baadaye. Bwana Kamugisha alikuwa amesimama hatua tano tu kutoka kwangu. Mwenzangu wa kundi la pili alikuwa bado anafunga kamba za viatu. Ningesema nibadilishiwe kundi kwa sababu yule ni mkwe wangu, mambo yangeishia pale. Lakini niliona aibu kulitamka neno mkwe mbele ya wanawake wote wale. Nikasema karibuni tufuatane, nikatangulia kwa kasi.

Wenyewe walijua. Alikuwapo mmoja mcheshi, Mama Paulo, aliyeniandama njia nzima.

"Kijana, punguza mwendo. Binti tumeshakupa, unakimbia nini?"

Wakacheka, na mimi nikaongeza mwendo. Mama Kabula alibaki nyuma kabisa, hatua kama thelathini, ili asinipe shida. Yaani kila mmoja wetu alikuwa anamheshimu mwenzake kwa kumwacha peke yake.

Pale kwenye jiwe nilisimama kwenye ufa kama nilivyofundishwa, nikawapa mkono akina mama kumi na mmoja. Nilitegemea mmoja wao angebaki amshike mwenzao, lakini sikumwambia yeyote, na kila aliyevuka alikwenda moja kwa moja kwenye uzio kutazama maji. Alipobaki Mama Kabula peke yake, niliuacha ufa, nikaingia kichakani, nikampa mgongo. Yeye akaona njia ni nyeupe, akavua kandambili, akakanyaga.

Sikusikia chochote. Maji pale yanameza sauti zote. Nilichoona ni Mama Paulo anakimbia kutoka kwenye uzio, mikono kichwani. Nikageuka. Mama Kabula alikuwa chini ya jiwe, amelala ubavu kwenye matope, mguu mmoja umezuiwa na mzizi. Mkono wa kushoto umeshika majani. Wa kulia umepinda vibaya.

Na hata hapo aibu haikuniacha. Nilirudi kwenye ufa, nikachukua fimbo yangu ya kutembelea, nikamnyooshea huku uso nimeugeuzia pembeni. Alikuwa karibu, na nilimsikia vizuri. Aliniita kwa jina, jambo ambalo mkwe hafanyi.

"Shija, fimbo ni ya ng'ombe. Nipe mkono."

Nikampa. Nililala kifudifudi juu ya ukoga, nikamshika kwa mikono yote miwili, Mama Paulo akanikalia miguuni, tukamvuta mpaka juu. Mkono wake wa kulia ulikuwa umevunjika kwenye kifundo. Nilimbeba mgongoni mpaka getini, na safari hii hakuna aliyetania.

Bwana Kamugisha alisubiri gari liondoke na mgonjwa, ndipo akaniketisha. Hakupandisha sauti.

"Mimi si Msukuma. Mila yenu siijui, wala siidharau. Ungeniambia asubuhi ningekubadilishia kundi, na wewe ungeingia porini hata ushinde huko. Ulichonificha si mila, ni aibu yako. Na ile aibu umemtandikia mama wa watu aikanyage."

Niliamini posa imekwisha. Wiki ya pili nikaitwa Kisesa. Wajomba wawili wa Kabula walikuwa na hasira zisizopatana: mmoja ananilaumu kwa kumwacha dada yake aanguke, mwingine kwa kumshika. Nilisimama, na siku ile nilisema. Nilisema niliona aibu kumwambia mkubwa wangu, na kwamba kosa ni la asubuhi, langu peke yangu. Nilichukua muda mrefu kwa maneno machache, na hakuna aliyenikatiza. Halafu Mama Kabula akasema kutoka chumba cha ndani, nyuma ya pazia:

"Aliyenivuta ni mfanyakazi wa hifadhi. Mkwe wangu alikuwa porini, kama inavyotakiwa. Sasa mpeni kijana chakula."

Mjomba mkubwa ndiye aliyeanza kucheka. Kabula nikamwoa, na ndiye huyu unayemwita bibi.

Lakini usifikiri yaliishia kwenye kicheko. Mkono ule uliunga vibaya. Mama Kabula hakuweza tena kushika mwiko kwa nguvu, na kwa miaka yote niliyokula nyumbani kwake, ugali ulisongwa na mtu mwingine. Hakuwahi kunilaumu. Mimi nilikuwa naula nikijua.

Kwa hiyo ninachokuambia, mwanangu, ni hiki. Ukipewa kazi ya kuwashika watu, na kuna mmoja usiyeweza kumshika, kwa mila au kwa woga au kwa sababu yoyote, mwambie mkubwa wako kabla hamjaondoka getini. Usitegemee wengine watajua. Sema hata kama sauti inatetemeka, hata kama watacheka. Kicheko kinapita siku hiyohiyo. Na ukiwa umechelewa kusema, mtu ameshaanguka, basi usinyooshe fimbo. Mila zetu zitunze, lakini zisikufanye umpe mgongo mtu aliye kwenye utelezi.

Mungu akujalie kusema mapema, akupe wakubwa wenye masikio, na wote watakaopita mikononi mwako wafike salama, watazame maji, warudi kwao wakiwa wazima.