Kitako Kilichopimwa Juu ya Kabuti

Baba mkwe wangu alipanda kutoka Buleusa na pupu yake imefungwa ndani ya mkeka, kama mgonjwa. Pupu ni ile bunduki ya wawindaji inayoshindiliwa baruti kwa mdomo wa mtutu. Yake alirithi kwa baba yake. Pikipiki ilikuwa imemwangusha kwenye matope ya Kashebere, bega la kuume likaunga vibaya, na tangu hapo mkono ulikataa kunyooka. Kitako cha bunduki kikawa kirefu kwake. Wenzake wa mawindo walikuwa wamekwisha kumwambia: usipoua msimu huu, bunduki iende kwa mtoto wa dada yako. Mtu aliyelisha kijiji kizima nguruwe wa pori, sasa akae mlangoni akingoja kugawiwa.

Mimi naishi Kingi, huku juu kwenye baridi na ng'ombe. Nashusha maharagwe na jibini Walikale, napandisha mawese, na kote huko wananijua kwa ubishi wa bei. Nikamwambia atulie, seremala wetu ataikata imkae.

Asubuhi tuliyokwenda kwa fundi, ukungu ulikuwa umelalia malisho. Mzee wa msitu wa joto alikuwa anatetemeka, meno yakigongana. Nikamvalisha kabuti langu la kuchungia ng'ombe, zito kama mlango.

"Papa, toa kwanza ile kabuti," fundi alisema.

"Nitoe? Unataka munirudishe Buleusa mu sanduku? Pima hivi hivi."

"Miye napima bega, Papa, hapana kabuti."

"Bega iko mule ndani. Haiyatoroka."

Tulicheka. Mimi ningeweza kusisitiza, lakini mkwe hamwambii mkwewe avue nguo mbele ya watu.

Fundi akaegemeza kitako begani kwa mzee, akatazama kidole kinavyofika kwenye kifyatulio. "Nakata vidole vine."

"Vine ni mingi. Viwili," nilidakia.

"Kaka, hii si mbuzi."

"Basi vitatu, na utusafishie na hapa pa shavu."

Tukapatana. Nikamwambia apime tena, maana mimi kila kitu nahesabu mara mbili. Akapima tena, juu ya kabuti lile lile.

Msumeno ulipomaliza, akaparaza pale shavu linapolala kwenye kitako, kisha akagongagonga kile kichuma cha kulengea kilicho mwisho wa mtutu, kidogo kushoto, kidogo tena, mpaka mzee akasema jicho limekipata. Alilenga kunguru juu ya bati, bunduki tupu, akatabasamu. Kujaribu kwa baruti hakukuwezekana. Kwetu mlio mmoja ukisikika, watu wanadhani vita vimefika, wanabeba magodoro na kuingia barabarani, na hakuna atakayekungoja umweleze kwamba ulikuwa unajaribu kitako.

Niliposhuka Buleusa na maharagwe, nilimkuta pua imevimba. Huko mtu anawinda na singleti. Bila kabuti kitako kilikuwa kifupi mno: dole gumba lilimpiga pua, shavu halikupata mahali pake, kichwa kikabaki juu, na risasi ikapita juu ya mgongo wa nguruwe aliyesimama karibu kabisa. Nilimtazama akiishika tena. Kukata kidole kimoja kungetosha. Mimi, bingwa wa kushusha bei, nilishusha kutoka vinne hadi vitatu nikajiona nimeshinda.

Nikashauri tupigilie kipande cha kandambili nyuma ya kitako ili kirefuke.

"Bunduki ya baba yangu haitavaa kandambili," alisema.

Badala yake aliniomba kabuti. Aliingia nalo msituni, jasho likimtiririka hadi kwenye viatu, na vijana njiani hawakumwacha.

"Papa, ng'ombe umeziacha wapi?"

"Papa, kule mu pori kunaanguka barafu?"

Ndani ya kabuti bunduki ilimkaa vizuri, fundi hakukosea. Ila kabuti lilinuka maziwa na moshi wa Kingi, na kila mnyama alimjua kabla hajafika. Baada ya siku chache alinirudishia, limefuliwa na kukunjwa.

Bunduki ikaenda kwa mpwa wake, mtu mfupi wa mikono mifupi. Ilimkaa kana kwamba ndiye aliyesimama mbele ya fundi siku ile. Mti ukishakatwa hauna majadiliano. Ni kitu pekee ninachokijua ambacho huwezi kukirudia kesho na bei nyingine.

Mpwa alipoua nguruwe wake wa kwanza nilikuwa pale. Alileta paja mwenyewe, limefungwa kwa majani, akaliweka mbele ya mjomba wake kwa mikono miwili. Likapikwa, tukaketi.

"Ulimupiga wapi?" mzee aliuliza.

"Nyuma ya sikio, Papa."

"Njo pale pale," alikubali.

Akaendelea kutafuna polepole, bila kuinua macho, kisha akasogeza sahani upande wangu, nami nile.