Kima wa Dada

Nilimpeleka dada yangu kwenye loji ya msituni, huko juu Kilolo, ili kumshukuru. Wazo hilo nilikuwa nalo muda mrefu nikiwa nyumbani Ilomba, na nilijiona mtu mwema kweli kweli. Dada hakuwahi kulala hotelini. Alikuja na khanga mbili kwenye mfuko wa rambo, pamoja na mahindi ya kuchemsha, maana chakula cha watu hakiamini.

La kumshukuru lilikuwa hili. Tulikulia si mbali na msitu ule, shamba letu limepakana na miti. Mahindi yakianza kukomaa kima walishuka, na ilibidi mtu akae dunguni, juu ya jukwaa la miti katikati ya shamba, toka alfajiri mpaka jua lizame, akipiga debe na kelele. Watoto tulikuwa wawili tu. Baba alimtoa dada shule akiwa darasa la pili. Mwalimu alipokuja kuuliza, aliambiwa binti anaumwa. Zamu yangu ilipofika nilikwenda shule, nikasoma mpaka nikawa mwalimu. Sare na madaftari yangu vilitoka kwenye mahindi yale. Hadi leo nikimtumia dada ujumbe wa simu, anasomewa na mjukuu.

Asubuhi ya pili mwongozaji alituingiza msituni, sisi na wazungu wawili, mtu na mkewe. Tukaambiwa tusiongee. Tulitembea karibu saa nzima kwenye ukungu, viatu vinateleza, hatuoni kitu zaidi ya majani. Kisha mwongozaji akanyoosha kidole. Kima, kundi zima, walikuwa juu ya mti wanakula matunda, mmoja amekumbatia mtoto. Yule mama wa kizungu akajiziba mdomo kwa furaha. Nikamgeukia dada nione na yeye anavyofurahi.

Dada akajaza kifua, akapiga ukelele.

Sikuwa nimeusikia toka utotoni. Ulianzia chini, ukapanda, ukakatika ghafla, na mikono yake ikawa inapiga makofi juu ya kichwa. Matawi yakatikisika huku na huku, na mara hapakuwa na kima hata mmoja. Dada alikuwa ameshainama kutafuta jiwe.

Niliona aibu, na aibu ikageuka hasira. Shukrani ya punda ni mateke, nikasema moyoni, nikamvuta pembeni.

“Dada! Tumekuja kuwaangalia, siyo kuwafukuza!”

“Hawa?” Alikuwa bado anahema. “Mdogo wangu, hawa nimewaangalia mpaka basi. Wewe ndo hukuwaona. Ulikuwa shule.”

Hakusema kwa ubaya. Afadhali angesema kwa ubaya. Zawadi zote za dunia, nikaenda kumchagulia kima.

Siku ya kuondoka tukaletewa kitabu cha wageni, kila mtu aandike alichokiona. Mwongozaji akampa dada kalamu kwa mikono miwili. Dada akaniwekea mimi mkononi.

“Niandikie. Andika nimewaona kima. Andika walinilia shule yangu.”

Nikainamia meza. Wale wazungu walikuwa nyuma yangu wanasubiri zamu yao, na mwongozaji alikuwa anatabasamu, anangoja kusoma. Nikaandika jina la dada, na mbele yake nikaandika: Nimefurahi sana kuwaona kima.

Dada akasogea, akapitisha kidole juu ya mstari ule, taratibu, mpaka mwisho.

“Umeandika yote?”

“Yote, dada.”

“Haya,” akasema, akawatupia jicho wale wazungu, akaufunga vizuri mfuko wake wa rambo. “Na wao wajue.”