Mipira Niliyoichagua Mwenyewe

Kwa jina la Mwenyezi Mungu, mwenye kuhuisha na kufisha. Ndugu zangu, amani iwe kwenu.

Leo mdogo wangu amezikwa Kilwa, kule ziwani, nami sikufika.

Mwezi uliopita muuza mipira ya magari wa mtaa wa Makomeno alinionya: "Baba, hii iko ya lami tu. Kamata ile ya meno makubwa, ya matope."

Nilimjibu kwamba ile ina kelele.

Leo jipi yangu ilizama njiani. Mipira ilizunguka topeni bure, kimya kabisa.

Nilipiga simu wanisubiri. Mtoto wa marehemu akalia: "Baba mukubwa, si weye ulitufundisha kama maiti haingojewe?"

Ni mimi.

Nikawaambia wazike.

Mwombeeni marehemu. Mungu awafikishe kwa wapendwa wenu mapema, ninyi na nyumba zenu.