Nilitafiti kipandauso Kariakoo, kumbe mgonjwa nilikuwa mimi

Wakuu, heshima kwenu. Wanaonijua humu wanajua mimi ni wa jukwaa la mpira tu. Leo naleta langu, na sitaongeza chumvi, maana lenyewe limekolea.

Nilikuwa nasoma masters. Utafiti wangu ni kipandauso na maumivu mengine ya kichwa kwa wafanyabiashara wa Kariakoo. Kelele, jua, watu hawali mchana. Mimi mwenyewe kipandauso ninacho tangu sekondari, nikajua pale data nitaokota tu.

Nikagawa madaftari madogo kwa wauzaji wa Mtaa wa Kongo. Siku ukiumwa kichwa, weka alama. Basi.

Mwezi ulipoisha nikayakusanya. Wakuu, yalikuwa meupe vilevile nilivyoyagawa.

Msimamizi wangu, profesa mmoja mama asiyejua kucheka, akanipa wiki tatu. Nilete wagonjwa, au nibadilishe topic nianze upya. Miaka miwili yangu ilikuwa inakwenda na maji, na niliumia, sifichi.

Kipindi hicho na kichwa changu kilikuwa kinauma karibu kila siku. Nikasema ni stress.

Kesho yake nikaenda kukaa dukani kwa Mama Nasra, muuza vitenge, nimeishiwa pozi. Asubuhi ile akapita Bi Somoe, mama wa Newala anayeuza chai ya tangawizi mtaa mzima. (Ile chai acheni tu, ukiizoea ya nyumbani huitaki tena.)

Bi Somoe hana haja ya kuuliza mteja anataka nini. Akammiminia Mama Nasra chai, na kwenye kisahani akaweka vidonge viwili vya maumivu.

Nikamuuliza Mama Nasra kama kichwa kinamuuma, maana daftari lake lilikuwa tupu.

"Hakiniumi, mwanangu. Nameza kabla hakijaanza. Nikisubiri kianze, vitenge atauza nani?"

"Kila siku?"

"Kila siku ya kazi. Uliza mtaa mzima."

Nikageuka nimuulize Bi Somoe. Alikuwa ameshaniwekea kisahani changu, na kidonge kimoja kilikuwa tayari mdomoni mwangu.

Jamani. Miezi mitano nilikuwa nakunywa chai pale, na vidonge vyake juu. Mimi niliyesoma darasani kwamba dawa za maumivu ukizimeza siku nyingi mfululizo, zenyewe zinageuka kuleta maumivu ya kichwa. Nilisoma, nikafaulu mtihani, nikaendelea kumeza. Nilijicheka hadi Mama Nasra akadhani nimechanganyikiwa.

Nilipomsimulia profesa, naye akacheka, mara ya kwanza tangu nimfahamu. Akaniongezea muda, nikaomba kibali cha kuongeza swali moja tu: siku ngapi umemeza?

Safari hii madaftari yalijaa. Wengine waliomba kurasa za ziada.

Mimi na Mama Nasra tukaenda kliniki, daktari akatusimamia kuacha. Wiki ya kwanza ilikuwa moto, mwenzangu alifunga duka siku mbili. Baadaye vichwa vikaanza kupungua. Siku hizi kipandauso kinanitembelea mara mojamoja tu.

Siku ya kutetea utafiti, mzee mmoja kwenye jopo akaniuliza lile swali nililitoa kitabu gani. Nikamjibu nimelipata kwa muuza chai. Nikafaulu, wakuu. Nilitoka pale natembea kifua mbele kama nimenunua jengo.

Nakala ya kwanza nilimpelekea Bi Somoe, jina lake liko ukurasa wa shukrani. Alilipitishia kidole taratibu.

"Mimi niliyekuwa nawapa vidonge, ndiye umeniandika humu?"

Nikamwambia bila yeye wote tungekuwa tunameza mpaka leo. Akanimiminia chai, akasogeza kisahani mbele yangu.

Kilikuwa kitupu.

Nilichojifunza: ukitaka kujua mtu anaumwa nini, angalia anafanya nini ili asiumwe. Na kama umejiona humu, usikurupuke kuacha mwenyewe, nenda kwa daktari.

Haya, zamu yenu. Mara ya mwisho kumaliza wiki nzima bila kumeza kidonge ilikuwa lini? Semeni ukweli, humu hatujuani.