Nibu ya Baba Mkwe

Mimi ndiye mwenye makosa. Nakuambia mapema ili usije ukanionea huruma katikati ya habari hii. Nilimdanganya mzee aliyenipa binti yake, akaenda kaburini akiuamini uongo wangu. Jamani, hata kuandika naona haya!

Miaka ile ya themanini nilikuwa nikikaa Mamboleo, pembeni mwa Kisumu, nikitengeneza kalamu za wino nyumbani, kwenye meza ile ile ya chakula. Si bairo, la. Nasema zile kalamu za zamani zinazofyonza wino kwa mpira ulio ndani. Acha nikueleze kidogo, maana kosa langu limo humo humo.

Mpira ukioza, kalamu haifyonzi tena. Mipira yenyewe haikuwepo Kisumu, kwa hivyo nilijifunza kukata ule wa kichupa cha dawa ya macho, ule unaobonyeza ndipo tone litoke. Gundi niliipata kwa maseremala, ile ya kahawia wanayopaka fanicha ing'ae. Ni gundi nzuri, kwa sababu ukiipasha moto kidogo inaachia, na fundi wa kesho hatateseka. Hayo yote mtu angeyapata kwa kuuliza kwa adabu. Lakini nibu, ile ncha ya kuandikia, tena ya dhahabu? Maduka yalikuwa yameshajaza bairo. Nibu ilitoka katika kalamu nyingine tu, na kila kalamu ina mwenyewe.

Hapo ndipo niliponaswa.

Baba mkwe wangu, mwalimu mstaafu wa Pap Onditi, alinipa kalamu yake kwa sababu haikufyonza wino. Ilitaka mpira tu! Nibu ilikuwa nzima kabisa, imelika upande mmoja kwa jinsi alivyolaza mkono miaka yote. Nibu ikishazoea mkono hivyo, inateleza yenyewe.

Wiki hiyo hiyo akaja afisa mmoja wa mjini, suti safi, nibu ya kalamu yake imepinda kama ndoano.

"Fundi, nimeambiwa wewe ndiye wewe. Ukiniokoa, ofisi nzima itajua. Ukiniangusha, pia itajua!"

Ningesema "sina." Neno moja tu! Badala yake nikamwambia arudi Ijumaa.

Nikachomoa nibu ya mzee, nikamtilia afisa. Ya mzee nikaweka ya chuma iliyopakwa rangi ya dhahabu, iliyotoka kwenye kalamu ya shule, nikamrudishia. Nilijiambia naazima tu, nitaagiza nyingine Nairobi. Sikuagiza. Ofisi ile ilileta kalamu kweli, na sifa zikanilevya.

Siku moja mimi na mke wangu tukaenda Pap Onditi kuwasalimu. Tukamkuta mzee na jirani yao, Mama Apiyo, aliyetaka kuandikiwa barua kwa mwanawe. Tangu astaafu, hiyo ndiyo ilikuwa kazi yake na furaha yake, kuwaandikia akina mama barua. Nikasikia nibu yangu ikikwaruza. Tone likaanguka. Akachukua karatasi nyingine, akaanza upya. Ikakwaruza tena.

"Aii, Mwalimu!" Mama Apiyo akacheka. "Leo kuku wamepita kwa karatasi? Kijana wangu atafikiri nimeandika mwenyewe!"

Tukacheka wote isipokuwa mzee. Aliinua mkono wake, akautazama.

"Ora," akaniita, kama kwetu mkwe anavyomwita mkwe, "wewe ni fundi. Kalamu umeitengeneza. Basi ni mkono, sivyo?"

Elewa jambo hili. Kwetu mzee hamwambii mkwe wake usoni kwamba ameharibu kazi. Heshima hairuhusu. Na mimi nami niliogopa kuaibika ukweni, sahani ya samaki ikiwa mbele yangu. Ningesema, "Baba, si mkono." Nikasema:

"Ni umri, Baba. Pumzika."

Mungu anisamehe!

Akafunika kalamu taratibu. "Mama Apiyo, tafuta kijana akuandikie."

"Mwalimu, si nilikuwa nafanya mzaha tu?"

"Najua, mama. Lakini tafuta kijana."

Hakuandika tena. Akina mama wakaacha kuja. Baadaye mke wangu akaniambia kwamba baba yake alienda kuchukua pensheni, akaombwa aweke sahihi, akakataa. Akachovya kidole gumba kwenye wino. Mwalimu mzima! Mtu aliyewashikisha wengine kalamu!

Niliogopa, nikakimbilia kwa afisa. Alikuwa amehamishwa, na kalamu ilienda naye. Hata hapo ningeweza kusema. Nikanyamaza mpaka mzee akafa.

Miaka yote hiyo nilijifariji kwamba alijua. Kwamba alishuku nibu, akanistahi tu kwa kuwa mimi ni mkwe. Baada ya mazishi nilishindwa kuvumilia, nikamweleza mke wangu yote.

"Kila asubuhi alikuwa akiukanda ule mkono kwa mafuta," akasema. "Mama alimwona. Akiukanda, anauombea upone."

Basi! Hakujua kitu. Aliniamini.

Mke wangu hakuniacha. Ananipikia, tunaongea habari za watoto na za shamba. Lakini akienda kwao huenda peke yake, na nikivaa viatu ili nimsindikize huniambia, "Wewe kaa." Kalamu niliacha kutengeneza. Sifa za mjini? Hakuna hata mmoja anayenikumbuka.

Ndugu yangu fundi, wa saa, wa redio, wa cherehani, nakusihi. Kazi yako ni nzuri, ipende, na vitu vingi utavipata ukitafuta kwa subira. Ukikosa kabisa, sema huna. Mteja atanuna, ataenda zake, na wewe utalala. Usiguse cha mtu mwingine hata kwa jina la kuazima.

Na kama umeshagusa, nenda leo, mwenyewe akiwa bado ana nguvu za kukutukana. Mimi natamani sana yule mzee angenitukana.