Hesabu ya Mtoto na Bonge la Ugali

Jamani, leo hesabu niliyokosea shuleni imenisalimia sokoni Daraja Mbili.

Nilikuwa nachagua ndizi, nikasikia nyuma yangu, "Wewe Ombati, bado unajaza darasa?"

Mwalimu Kerubo! Alitufundisha biolojia kule shule ya Nyamache miaka ya sabini.

Ngojeni niwaeleze.

Siku niliyokosea hesabu hiyo alikuwa mjamzito, tumbo kubwa, anatufundisha mtoto anavyoanza: seli moja inagawanyika kuwa mbili, nne, nane. Mimi bingwa wa hesabu nikakimbilia ubao. Nikazidisha weee, kila seli nikiipa ukubwa wa ile ya kwanza.

"Mwalimu, kwa hesabu hii mtoto hatatosha hata humu darasani!"

Darasa zima likatazama tumbo lake. Nikajua leo ni kiboko.

Yeye akaagiza ugali jikoni. Akaujaza bakuli, akaukata ndani kwa kisu: vipande viwili, vinne, vinane.

"Bakuli limefurika?"

"Hapana, Mwalimu."

"Basi. Mwanzoni kiinitete hakikui, kinajigawa tu, seli zinazidi kuwa ndogo. Kuzidisha kwako ni sawa. Ulichodhani kabla ya kuzidisha ndicho kibaya."

Nimekuwa injinia maisha yangu yote, na kila hesabu bado naianzia kwenye bakuli lile. (Mliokuwepo, semeni kama naongeza chumvi!)

Leo kando yake alisimama mama mwenye mvi kidogo, kashika kikapu. Mwalimu akamvuta mkono.

"Moraa, msalimie. Huyu ndiye aliyesema hutatosha darasani."

Moraa akacheka.

"Nilitosha. Sasa nafundisha humo humo."